Dhahiri kwa Fundi Yupi?

Koki ya maji ni kitu cha kale kuliko inavyodhaniwa. Ukiivunja ile ya zamani ya shaba utakuta kipande chenye umbo la koni, kimetobolewa tundu ubavuni, kimekaa kwa kubana ndani ya mwili wenye matundu mawili yanayotazamana. Geuza mpini robo mzunguko, matundu yanalingana na maji yanapita. Geuza robo nyingine, maji yanakutana na ukuta. Warumi walifunga koki za namna hii kwenye mabomba yao ya risasi, na zilizofukuliwa bado zinatambulika mara moja na fundi bomba yeyote. Baghdad, karibu mwaka 850, ndugu watatu wana wa Musa bin Shakir waliandika kitabu cha vifaa vya werevu ambamo vali za koni hufungua na kuzuia maji kwa namna ya kuwashangaza wageni mezani. Kwa hiyo mtu anayekuja leo kwenye ofisi ya hataza na mchoro wa vali ya kuzunguka, yenye tundu moja zaidi au mpini uliohamishwa upande, amebeba mgongoni karne nyingi za koki. Mkaguzi atamuuliza mambo matatu. Je, ni kitu kipya? Je, kina matumizi? Hayo mawili hujibiwa kwa kupekua majalada na kukiangalia kifaa. La tatu ndilo linaloumiza kichwa: je, fundi wa kawaida wa kazi hiyo, akiwa na yote yaliyokwisha kujulikana, asingelifika hapo mwenyewe bila jasho? Kama angelifika, jambo ni dhahiri, na mwombaji hunyimwa hataza hata kama kifaa chake ni kizuri, kwa kuwa umma hauna sababu ya kukilipia kwa miaka 20 ya ukiritimba. Swali hili halikuwapo tangu mwanzo. Ukifuata historia yake utaona jambo moja likijirudia: sheria imekwenda vizuri kila ilipomtazama fundi, ikapotea kila ilipomwacha na kuanza kupima kipaji cha mvumbuzi.

Kabla ya kuwa kanuni ya mahakama, swali hilo lilikuwa kero ya karakana. Uingereza ilikuwa na Sheria ya Ukiritimba tangu 1624, lakini kwa zaidi ya karne mbili hakuna aliyepima upya wa kitu kabla ya kutoa hataza. Mwombaji alilipa ada, akazungushwa ofisi hadi ofisi, akapata muhuri. Mwaka 1780 James Pickard wa Birmingham alipata hataza iliyohusu kranki, ule mkono uliopinda unaogeuza mwendo wa kupanda na kushuka kuwa mzunguko, kwa ajili ya injini ya mvuke. James Watt alikasirika. Kranki ilikuwa kwenye kila mashine ya kukereza iliyokanyagwa kwa mguu. Kuihamishia kwenye injini, alisema, ni sawa na kukatia jibini kisu kilichotengenezwa kwa ajili ya mkate. Ni maelezo bora ya udhahiri kuliko mengi yaliyoandikwa na majaji baadaye. Lakini Watt hakwenda mahakamani. Mwaka 1781 alisajili njia nyingine, meno ya gurudumu moja yakilizunguka jingine, akaikwepa kranki. Mtu mwenyewe alikuwa amekalia hataza pana ya 1769 ambayo Bunge lilikuwa limeirefusha hadi 1800, na mwenye nyumba ya nyasi hachezi na moto wa jirani. Yaani aliyeona vizuri zaidi kwamba kitu ni dhahiri ndiye aliyekuwa na sababu ya kunyamaza. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa washindani peke yao.

Marekani ilijaribu njia mbili kwa haraka. Sheria ya 1790 iliwapa ukaguzi watu watatu wa serikalini, mmoja wao Thomas Jefferson, watu ambao tayari walikuwa na nchi changa ya kuendesha. Hawakuweza. Sheria ya 1793 ikaufuta ukaguzi na kubaki na usajili tu, ila ikaacha sentensi moja yenye mbegu: kubadili umbo au vipimo vya mashine peke yake si uvumbuzi. Jefferson aliikuza mbegu hiyo katika barua yake ya 1813 kwa Isaac McPherson, aliyekuwa akibanwa na Oliver Evans juu ya vipandishi vya unga kinuni. Ndoo zilizofungwa kwenye mnyororo, alijibu Jefferson, zimepandisha maji tangu zamani. Kuzipandishia unga hakumpi mtu haki mpya. Majaji hawakumfuata wote. Mwaka 1825, katika kesi ya Earle na Sawyer huko Massachusetts, mashine ya kupasulia vigae vya mbao ilikuwa imebadilishwa msumeno tu: ule wa kupanda na kushuka umetolewa, umewekwa wa duara. Jaji Joseph Story aliona inatosha. Kama ni kipya na kina faida, alisema, sheria haiulizi kilihitaji akili kiasi gani. Mwaka 1836 Bunge lilirudisha ukaguzi na kuajiri wakaguzi wa kazi hiyo, na Desemba mwaka uleule jengo la ofisi ya hataza likaungua. Karibu hataza 10,000 na maelfu ya vielelezo viliteketea. Ofisi iliyoundwa ili ikumbuke yaliyokwisha kufanywa ilianza kazi ikiwa imepoteza kumbukumbu, na miaka ya mwanzo mkaguzi alitegemea sana kile alichokijua mwenyewe kuhusu mashine.

Fundi aliingia rasmi mwaka 1851, na alipitia mlangoni kwa maana halisi ya neno. Hotchkiss na wenzake walikuwa na hataza ya 1841 ya vishikio vya mlango vilivyotengenezwa kwa udongo wa mfinyanzi au kauri. Ndani ya tonge la udongo liliachwa pango, mdomo wake mwembamba na chini yake mpana. Chuma cha kitasa kikaingizwa humo, kikamiminiwa madini yaliyoyeyuka, yakiganda hakitoki tena. Pango la namna hiyo lilijulikana. Chuma kilijulikana. Vishikio vya mbao na vya madini vilikuwa vimefungwa hivyohivyo. Kilichobadilika ni udongo tu, na udongo wenyewe ulijulikana. Jaji Samuel Nelson, akiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani, alisema kwamba kama kazi haikuhitaji ujuzi zaidi ya ule wa fundi wa kawaida anayeifahamu shughuli hiyo, basi ni kazi ya fundi, si ya mvumbuzi. Hataza ikafa. Katika sentensi hiyo yule fundi asiye na jina, asiyelipwa mshahara wala kuugua, alipewa kiti mahakamani, na hajakiacha mpaka leo.

Jaji Levi Woodbury alikataa, na pingamizi lake halipaswi kupitwa mbiombio. Kama kishikio cha udongo ni bora na ni rahisi kuliko vya zamani, na hakuna aliyekitengeneza kabla, kwa nini tusitazame faida iliyopatikana na kuacha kupima ugumu wa kukifikiria? Hoja hiyo ina mvuto, hasa kwa wenye viwanda vidogo ambao maendeleo yao huja hatua kwa hatua. Lakini ikikubaliwa jinsi ilivyo, kila aliyewahi siku moja kabla ya wenzake kufanya jambo ambalo wote wangelifanya wiki ijayo atawatoza wote kwa miaka. Soko humlipa anayewahi, na hilo halihitaji muhuri wa serikali. Udhaifu wa hukumu ya 1851 uko pengine. Nelson alimtaja fundi, lakini kanuni yake haikusema fundi huyo anajua nini, wala ajulikane kwa ushahidi upi. Matokeo yake wengi waliisoma hukumu hiyo kama amri kwamba kubadili malighafi si uvumbuzi kamwe, na historia ya vali inaonyesha jinsi usomaji huo ulivyo mbovu. Vali ya tufe, ile koki ya robo mzunguko iliyojaa majumbani mwetu, ilipata hataza Marekani tangu 1871 kwa jina la John Warren, tufe la shaba likikaa juu ya shaba. Shaba kwa shaba ilivuja au ikakwama, na wazo likalala. Mwaka 1938 Roy Plunkett aligundua ile plastiki telezi ya Teflon, na katika miaka ya 1950 Howard Freeman wa Worcester, Massachusetts, alitengeneza vali ya tufe yenye vikalio vya plastiki vinavyobana vizuri. Kwa macho ya haraka ni hadithi ya kishikio: tufe lilelile, malighafi nyingine. Tofauti ni kwamba fundi wa vitasa alijua udongo utafanya nini, ilhali kikalio laini kinachobanwa na tufe gumu chini ya shinikizo kilihitaji umbo ambalo hakuna kitabu cha koki kilichokuwa kimelichora.

Lakini kesi inayofaa kukaliwa kitako ni ya George Corliss, kwa sababu ndani yake kila kipande ni cha zamani. Corliss alizaliwa 1817 jimboni New York, akaendesha duka, akaunda mashine ya kushonea viatu, na mwaka 1844 akahamia Providence, Rhode Island, mji wa viwanda vya pamba. Injini za wakati huo zilidhibitiwa kwa kuukaba mvuke. Gavana, na hapa si yule wa kaunti bali ni mipira miwili inayozunguka na kutanuka mwendo ukizidi, ilikuwa ikifunga vali moja kwenye bomba kuu. Mwendo ulitulia, ila mvuke ulifika kwenye pistoni ukiwa umenyongwa, nguvu yake imepotelea njiani. Corliss aliuacha mvuke uingie kwa nguvu zote, kisha akaukata mapema au kwa kuchelewa kulingana na mzigo, ili uliobaki ndani ya silinda utanuke na kufanya kazi bila kuongezewa. Injini iliyobeba jina lake ilikuwa na vali nne, mbili za kuingizia na mbili za kutolea, kila moja ni mche mrefu uliolazwa katika tundu lake mwishoni mwa silinda, ukizungushwa kidogo mbele na nyuma, jamaa wa koki ya Kirumi kwa kila hali. Sahani moja inayoyumba katikati ilivuta fito zote nne. Ufito wa vali ya kuingizia ulishikwa kwa kikulabu. Gavana ilisogeza kigingi, kigingi kikagonga kikulabu, kikulabu kikaachia, na vali ikajifunga kwa kishindo kilichopunguzwa na pistoni ya hewa. Sikio lililozoea lilijua mzigo wa kiwanda kwa kusikiliza mlio wa kuachia.

Hataza yake namba 6,162 ilitolewa Machi 10, 1849, na mabishano yakafuata kwa miaka. Washindani walikuwa na karatasi mikononi. Zachariah Allen, wa Providence hiyohiyo, alikuwa amepata hataza mwaka 1834 ya kukata mvuke kwa amri ya gavana. Frederick Sickels alipata yake 1842 kwa vali inayoachiwa ghafla na kutuliwa na maji. Vali za kuzunguka zilikuwa za wote tangu kale. Basi Corliss amevumbua nini, kama si kukusanya vya watu? Pingamizi hilo ni zito, na anayelijibu kwa kusifu kipaji cha Corliss amekwisha kushindwa. Jibu liko kwa mafundi wenyewe. Tangu 1834 gavana ya Allen ilikuwa hadharani, tangu 1842 kifaa cha Sickels kilikuwa kikiuzwa, wenye viwanda walilia bei ya makaa ya mawe kila mwezi, na wajenzi wa injini walikuwa wengi, hodari, wenye tamaa kama binadamu wengine. Kama kuunganisha vipande hivyo lilikuwa jambo dhahiri, mbona hawakuunganisha? Corliss aliiamini tofauti hiyo kiasi cha kuwauzia baadhi ya wateja kwa kulipwa kutokana na makaa waliyookoa, na hakufilisika. Hapo naona alistahili hataza. Hakustahili kila alichokidai baadaye. Hataza ilitolewa upya zaidi ya mara moja ikiwa na maneno mapana zaidi, ikaongezewa miaka saba hadi 1870, na wajenzi waliopata njia tofauti za kukata mvuke walijikuta kizimbani pamoja na waigaji. Uzito wa kazi yake haukuwa kwenye umbo la vali wala kwenye wazo la kukata mvuke. Ulikuwa kwenye namna gavana isiyo na nguvu inavyoamuru mashine kubwa kwa kuondoa kikulabu tu, bila yenyewe kusukuma kitu. Kipimo cha fundi, kikitumiwa kwa uaminifu, hutoa majibu mawili kwa hataza moja: hapa pita, pale rudi. Mei 10, 1876, hataza ikiwa imekwisha muda, injini ya Corliss ya nguvu za farasi 1,400 iliwashwa kwenye maonyesho ya Philadelphia na Rais Grant pamoja na Mfalme Pedro wa Pili wa Brazil, ikaendesha mashine za ukumbi mzima.

Baada ya hapo mahakama zilichoka na fundi. Wingi wa hataza za vitu vidogo uliwaudhi majaji. Mwaka 1883 Jaji Joseph Bradley alilalamikia walanguzi wanaosubiri kila wimbi la maendeleo ili wakusanye povu lake. Malalamiko yalikuwa ya haki, lakini dawa iliyochaguliwa ilikuwa mbaya. Kufikia 1941, katika kesi ya kiwashio cha sigara cha gari, Jaji William Douglas alitaka kifaa kionyeshe mmweko wa kipaji cha kuumba, si ustadi wa kazi tu. Macho yakahama kutoka karakana kwenda kichwani mwa mtu mmoja. Lakini mmweko haupimiki. Thomas Edison na wasaidizi wake walijaribu vitu chungu nzima kabla ya kupata uzi wa taa uliofaa, na taa haikuwa dhahiri zaidi kwa sababu ilipatikana kwa subira. Mwaka 1952 Bunge la Marekani liliandika kifungu cha 103, kazi iliyopitia mikononi mwa mawakili kama Giles Rich na mkaguzi mkongwe P. J. Federico: swali ni kama jambo lingekuwa dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida wakati lilipofanywa, na namna lilivyofanywa haimnyimi mtu hataza.

Kesi tatu zilizoamuliwa Februari 21, 1966 zilikipa kifungu hicho miguu. Mahakama iliagiza kwanza ijulikane yaliyotangulia, tofauti ya kitu kipya na hayo, na kiwango cha ujuzi katika kazi. Kisha mafanikio sokoni, hitaji la muda mrefu na kushindwa kwa wengine vitumike kama ushahidi wa pembeni. Moja ilihusu kinyunyizio cha dawa ya wadudu ambacho kilikuwa kikivuja kikisafirishwa. Mvumbuzi aliweka kifuniko kinachokandamiza pampu na kuziba kwa ukingo wa plastiki badala ya gasketi. Kiliuzwa sana, na wengine walikuwa wamehangaika na tatizo hilo kwa miaka. Bado hataza ilianguka, kwa sababu muhuri kama huo ulionekana tayari kwenye vifuniko vya chupa zenye midomo ya kumiminia. Kampuni ililia kwamba hiyo ni kazi nyingine. Mahakama ikajibu kuwa kuziba ni kuziba. Tangu hapo mtengenezaji wa vali ya mafuta hana raha ya kusema hakuwahi kutazama vali za maji. Nyingine ilihusu betri ya Adams, ya magnesi na kloridi ya shaba, iliyowashwa kwa kutiwa maji. Viungo vyake vilijulikana, lakini wataalamu wa serikali yenyewe walikuwa wameitilia shaka kabla ya jeshi kuitumia kwa wingi. Hataza ilisimama. Mwenye ujuzi akikuambia haitafanya kazi, hawezi kurudi kesho na kusema kila mtu alijua.

Hapa ndipo pingamizi kubwa kuliko yote linapokaa. Fundi huyu, watasema, ni kivuli; mkaguzi humvalisha anachokijua yeye leo, kisha humrudisha jana na kumfanya ashangae. Ni kweli, na kila aliyewahi kutega kitendawili anaelewa. Nyumba yangu haina mlango: kabla ya jibu watoto wote kimya, likishatajwa yai, hakuna asiyedai lilikuwa mdomoni. Jaji Fletcher Moulton wa Uingereza aliwaonya wenzake mwaka 1910 kwamba kitu kikishajulikana ni rahisi kukifikia kwa ngazi za hatua nyepesi ambazo hakuna aliyezipanda. Ila dawa ya ugonjwa huu haiwezi kuwa kumfukuza fundi. Mahakama za rufaa za Marekani zilijaribu kumfunga kamba kwa kudai, kwa ukali uliozidi, kwamba anayesema jambo ni dhahiri lazima aonyeshe mahali lilipopendekezwa vipande viunganishwe. Matokeo yalikuwa fundi asiyeweza kuunganisha chochote bila barua. Mwaka 2007, katika kesi ya pedali ya gari iliyoongezewa kihisi cha umeme, Jaji Anthony Kennedy alimrudishia akili yake: mtu wa ujuzi wa kawaida ana ubunifu wa kawaida pia, si roboti. Kinachomzuia mkaguzi asijidanganye ni kumbukumbu zenye tarehe, za aina ile tuliyoiona Providence: nani alikuwa na nini mkononi, tangu lini, na kwa nini hakukitumia.

Na fundi huyo ni wa wapi? Hadi 1990 Kenya haikukagua hataza yake yoyote. Aliyekuwa na hataza ya Uingereza aliisajili Nairobi, na hivyo ndivyo ilivyokuwa pia Uganda na Tanganyika chini ya sheria za kikoloni zilizodumu miaka mingi baada ya bendera kubadilika. Maana yake ni kwamba kilicho dhahiri na kisicho dhahiri kwa mafundi wa Gikomba, jijini Nairobi, kiliamuliwa kwa kipimo cha fundi wa Kiingereza. Sheria ya 1989, kisha ile ya Mali za Viwandani ya 2001, zilileta ukaguzi nyumbani na kuuliza kama jambo lingekuwa dhahiri kwa mwenye ujuzi. Sheria ya 2001 ina pia mlango ambao Woodbury angeufurahia, uliobuniwa kwanza na Wajerumani mwaka 1891 kwa ajili ya maboresho madogo ya zana: cheti cha modeli ya matumizi. Anayekiomba anatakiwa kuonyesha kwamba kifaa ni kipya na kinafaa viwandani, basi. Swali la fundi haliulizwi. Cheti hudumu miaka 10, na hakihuishwi.